NYUMBA YA MARAFIKI NA GHALA LETU LA PAMBA



Kama umewahi kuuguza mtu katika hospitali ya mbali, habari hii unaijua kuliko mimi. Mgonjwa hupewa kitanda. Wewe uliyemleta hupewi kitu. Mchana unakaa chini ya mwembe na kupika uji juu ya mafiga ya kuazima. Saa ya kuona wagonjwa ikifika, unaingia na bakuli lako. Saa ikiisha, unatoka. Usiku unatandika kanga barazani, mlinzi akija anakuondoa. Mvua ikinyesha unasimama ukutani mpaka alfajiri.

Mama mmoja wa darasa letu la kisomo alilala hivyo usiku tisa. Alikuwa akimwuguza mtoto wa dada yake. Mtoto alipopona, mama akarudi kijijini. Siku ya darasa nikawaambia wanakisomo waandike sentensi moja ya habari zao wenyewe. Yule mama akaandika hivi: "Mgonjwa alikuwa mmoja, tulioumwa tulikuwa wawili." Miaka miwili nyuma mama huyo alikuwa hajui kushika kalamu. Aliposoma sentensi yake kwa sauti, darasa zima lilinyamaza.

Kutoka sentensi ile likazuka jambo. Karibu na hospitali hiyo kuna jengo la vyumba viwili ambalo zamani lilikuwa ghala la pamba. Wenyewe wakakubali tulitumie. Kikundi kikachanga. Tukapata mabati 26, saruji mifuko 8, na misumari. Shabaha yetu ilikuwa kuligeuza ghala liwe nyumba ya kulala watu wanaouguza ndugu zao.

Sasa nitasema kosa langu, maana somo hili linaanzia hapo. Katika mkutano wa kikundi tulibishana: nani alale katika nyumba hii? Wengine walisema walale watu wa kijiji chetu tu, kwa kuwa ndio waliochanga. Wengine wakasema alale yeyote mwenye mgonjwa, hata akitoka wilaya nyingine. Maneno yakawa makali. Jua lilikuwa linazama, nami nina baiskeli na mlima mbele yangu. Nikasema, basi, tupige kura. Mikono 31 ikasema watu wetu tu. Mikono 14 ikakataa. Nikaandika, nikafunga daftari, nikapanda baiskeli nimefurahi kwamba kazi imekwisha.

Kumbe nilikuwa nimeiua kazi yenyewe. Wale 14 hawakurudi tena. Kati yao alikuwamo fundi mwashi. Na yule mama wa usiku tisa alikuwamo pia, kwa sababu usiku ule barazani aliyempa blanketi alikuwa mtu wa wilaya nyingine. Mabati yetu yamelala mpaka leo.

Ndipo nikaanza kutafuta habari za watu walioweka nyumba ya wageni ya namna hii, nione wao waliishije humo bila kugombana. Nilisoma habari za nyumba moja iliyo mbali sana na sisi. Iko Meksiko. Jina lake kwa Kihispania ni Casa de los Amigos, maana yake Nyumba ya Marafiki.

MARAFIKI NI AKINA NANI?

Neno marafiki hapa si marafiki wa kawaida tu. Ni jina la kundi la Wakristo. Kundi hilo lilianza Uingereza miaka ya 1650 hivi, na aliyeanzisha mafundisho yake anaitwa George Fox. Watu wa nje waliwadhihaki wakawaita Wakweka, yaani watu wanaotetemeka. Wenyewe hujiita Marafiki.

Huku kwetu Afrika Mashariki si wageni. Marafiki kutoka Marekani walifika Kaimosi, magharibi ya Kenya, mwaka 1902. Walijenga shule, hospitali na makanisa. Leo nchi yenye Marafiki wengi kuliko zote duniani ni Kenya. Tanzania pia wapo.

Lakini kama umewahi kuingia katika kanisa lao huku kwetu, usidhani kwamba Marafiki wa Meksiko wanafanya vivyo hivyo. Huku kwetu wengi wao wana mchungaji, mahubiri na nyimbo. Wale wa jiji la Meksiko husali kwa kunyamaza. Jumapili hukutana chumbani, hukaa kimya karibu saa nzima, bila mchungaji. Mtu akisikia moyoni kwamba ana neno la kusema, husimama akasema kwa kifupi, akaketi. Kisha kimya tena. Pengine saa yote inapita bila mtu kusema. Tulikumbuke jambo hili la kunyamaza, maana tutalirudia mbele.

Jambo la pili tunalohitaji kujua ni kwamba Marafiki wanaamini kila mtu ana nuru ya Mungu ndani yake. Mwanamke anayo, mwanamume anayo, mgeni anayo, mfungwa anayo. Kwa sababu hiyo tangu zamani walikataa kupigana vita, na wakati wa vita walifanya kazi ya kulisha wenye njaa na kuwatunza wakimbizi. Mwaka 1917 Marafiki wa Marekani waliunda kamati yao ya huduma. Mwaka 1947 kamati hiyo, pamoja na baraza la wenzao wa Uingereza, ilipewa Tuzo ya Amani ya Nobel.

NYUMBA YENYEWE

Meksiko ni nchi iliyo kusini ya Marekani. Watu wake husema Kihispania na lugha nyingi za wenyeji wa asili. Mkulima wa huku kwetu anapaswa kuijua nchi hii, kwa sababu mahindi yetu asili yake ni huko. Wakulima wa kale wa Meksiko ndio waliochukua nyasi ya porini wakaichagua mbegu, mwaka hata mwaka, mpaka ikazaa gunzi. Kazi hiyo ilianza miaka 9,000 hivi iliyopita. Basi ukila ugali leo, unakula kazi ya mikono yao. Wao hawapiki ugali kama sisi. Huoka chapati nyembamba za mahindi na kuzila kwa maharage.

Nyumba ya Marafiki iko katika mji mkuu, mtaa wa Ignacio Mariscal, karibu na mnara mkubwa wa kukumbuka mapinduzi ya nchi hiyo. Kabla ya kuwa nyumba ya wageni ilikuwa nyumba ya mchoraji mashuhuri, José Clemente Orozco. Humo aliishi na humo alichora.

Mtu huyu naomba tumtazame kidogo, maana habari yake inatuhusu sisi watu wa kisomo. Orozco alizaliwa mwaka 1883. Akiwa kijana baruti ilimlipukia, akapoteza mkono wa kushoto. Hakuacha kuchora. Mapinduzi ya Meksiko yalianza mwaka 1910. Vita vilipotulia, watu wengi wa nchi hiyo walikuwa hawajui kusoma. Mwaka 1921 serikali iliunda wizara mpya ya elimu, ikatuma walimu vijijini kufuta ujinga, kama sisi tulivyoutangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Pamoja na walimu, wizara ile iliwapa wachoraji kuta za shule na za majengo ya umma. Waliambiwa wachore humo, watu waone historia ya nchi yao. Orozco alikuwa mmoja wa wachoraji hao. Asiyejua kusoma alisimama mbele ya ukuta akaona mkulima, askari, mama na mtoto, akajua habari ni yake.

Orozco alifariki mwaka 1949. Mwaka 1956 nyumba yake ilikuwa imekwisha kuwa Nyumba ya Marafiki.

KWA NINI WALIIFUNGUA?

Tangu mwaka 1939 ile kamati ya Marafiki wa Marekani ilikuwa ikipeleka vijana vijijini Meksiko. Wengi walikuwa wanafunzi wa vyuo. Hawakuja na magari ya kugawa nguo. Walikaa kijijini kwa majuma kadhaa, wakala chakula cha kijiji, wakachimba visima na vyoo, wakasaidia kwenye zahanati na kujenga shule, mikono yao pamoja na ya wanakijiji. Sisi tungesema ni kazi ya kujitolea, au msaragambo. Nimetembelea miradi mingi iliyoletwa na wageni wasiolala kijijini hata usiku mmoja, na naamini mtu aliyelala kwako na kuumwa na kunguni wako huwa na adabu ya namna nyingine.

Watu wa kazi kama hizi huhitaji mahali. Kijana anaposhuka mjini anatafuta pa kulala. Anayetoka kijijini na malaria anatafuta pa kupumzika. Marafiki wa mjini nao walitaka mahali pa kukutania na kusalia. Nyumba moja ikafanya kazi zote hizo.

SIKU NDANI YA NYUMBA ILE

Kwa miaka mingi nyumba ilikuwa hivi. Vilikuwamo vyumba vya mtu mmoja na vyumba vikubwa vya vitanda vingi. Kilikuwamo chumba cha vitabu ambamo mtu aliweza kusoma habari za amani na za nchi yenyewe. Lilikuwapo jiko. Wageni walikuwa wa kila namna: mwanafunzi, mtafiti, mtu wa haki za binadamu, msafiri wa kawaida ambaye hana fedha za hoteli.

Waliowapokea hawakuwa wafanyakazi wa hoteli. Wengi walikuwa watu wa kujitolea, wametoka nchi mbalimbali, wakiishi humo humo. Walishika zamu: huyu leo mlangoni na daftari la wageni, yule jikoni, mwingine mashuka.

Asubuhi watu walikutana kwenye kifungua kinywa. Hebu fikiri vizuri juu ya meza hiyo. Katika hoteli kila mtu ana meza yake, na anayekaa chumba cha pili humjui mpaka unaondoka. Pale profesa alikaa kando ya mtu aliyevuka mpaka kwa miguu. Mmoja akiuliza unatoka wapi, habari inaanza. Mipango mingi ya nyumba ile ilizaliwa katika mazungumzo kama hayo, wala haikuanzia katika barua zenye mihuri.

Jioni nyingine kulikuwa na shughuli zilizowaleta hata majirani wa mjini. Mtu aliyefanya kazi vijijini alikaribishwa aeleze aliyoyaona. Kulikuwa na sinema za kufundisha, na mazungumzo baada yake. Kulikuwa na jioni za kubadilishana lugha: mwenye Kihispania na mwenye Kiingereza wanakaa wawili wawili, nusu ya muda wanasema lugha ya huyu, nusu ya muda lugha ya yule. Hakuna mwalimu wala mwanafunzi. Kila mmoja anajua kitu na anakosa kitu. Mimi niliyesomea ualimu miaka miwili chuoni naona haya kidogo kusema kwamba njia hii hatukufundishwa.

Yalikuwapo masharti pia. Humo hakuna pombe, hakuna sigara, na usiku kuna saa za kimya. Msomaji mmoja aliposikia habari hii aliniambia, "Mwalimu, hiyo si nyumba ya wageni, ni seminari!" Tukacheka. Lakini nilimwuliza: ungekuwa umemwacha mtoto wako wodini, ungependa kulala chumba cha jirani na mlevi?

WAKATI WA SHIDA

Katika miaka ya 1980 nchi jirani za Meksiko zilikuwa vitani. Guatemala vita vilianza mwaka 1960 vikaisha mwaka 1996. El Salvador vilianza mwaka 1980 vikaisha mwaka 1992. Vijiji vilichomwa. Watu walikimbilia Meksiko kwa maelfu. Wengine walifika mlangoni pa Nyumba ya Marafiki hawana karatasi, hawana fedha, na wana hofu ya kumwambia mtu jina lao la kweli.

Nyumba iliwapokea. Na hapa ndipo penye jambo lililonifanya niandike somo hili. Msafiri mwenye fedha alilipa kitanda chake. Malipo yake yalisaidia kuitunza nyumba, na kwa hiyo mkimbizi asiye na kitu naye akapata kitanda. Asubuhi wote wawili walikaa meza ile ile. Hapakuwa na mlango wa nyuma wa maskini.

Tarehe 19 Septemba, 1985, asubuhi saa moja na ushei, tetemeko kubwa la ardhi lilipiga jiji la Meksiko. Majengo mengi yalianguka, hata hospitali ziliporomoka na wagonjwa ndani. Maelfu ya watu walikufa. Majirani walitoa watu katika vifusi kwa mikono na ndoo, kabla msaada wa serikali haujapangwa. Wakati kama huo nyumba yenye jiko kubwa, blanketi za akiba na watu waliozoea kushika zamu ina faida kuliko hotuba. Nyumba ya Marafiki ikashiriki katika kazi ya kuwasaidia walioathirika.

Mwaka 2020 ugonjwa wa korona ulipoenea, wasafiri walikatika. Nyumba iliyokuwa ikipata fedha kwa wasafiri ilibidi ijipange upya, na kazi ya kuwahudumia wahamiaji na wakimbizi ikawa mbele zaidi. Nasema haya ili usidhani kwamba walikuta njia iliyonyooka. Fedha zilikuwa tatizo kwao pia.

HEBU TUPIGE HESABU

Chukua kalamu. Tuseme ghala letu linalaza watu 12. Tuseme kila mtu anaombwa shilingi 500 kwa usiku. Lakini kila usiku watu 4 hawana kitu, nao wanalala bure. Wanaolipa ni 8.

Kwa usiku mmoja: 8 mara 500 ni shilingi 4,000.
Kwa usiku 30: 4,000 mara 30 ni shilingi 120,000.

Sasa matumizi ya mwezi. Maji shilingi 30,000. Umeme wa luku shilingi 20,000. Sabuni na dawa ya kudekia shilingi 18,000. Akiba ya blanketi na mikeka shilingi 24,000. Jumla ni shilingi 92,000. Toa katika 120,000, zinabaki shilingi 28,000.

Rudia hesabu hiyo. Badala ya 4, weka watu 6 wasiolipa. Utaona nyumba inabaki kidogo tu na upungufu wa shilingi 2,000. Basi swali la nani alale, ambalo tuligombania mpaka tukavunjika, halikuwa swali la fedha hata kidogo. Tungepiga hesabu kwanza tungelijua hilo. Hofu yetu ilikuwa kitu kingine.

WANAVYOAMUA BILA KUPIGA KURA

Sasa nimefika mahali ninapotaka kukaa. Marafiki hawapigi kura. Wana mikutano ya kazi, wana ajenda, wana fedha za kugawa na ugomvi wa kusuluhisha kama watu wote. Lakini mikono haihesabiwi.

Mkutano huanza kwa kimya. Si dakika ya kuwakumbuka marehemu, ni kimya cha kutuliza moyo. Kisha karani anasoma jambo. Karani kwao si mwandishi tu, ndiye anayeongoza mkutano, lakini kazi yake si kusukuma maoni yake. Kazi yake ni kusikiliza. Mtu anayetaka kusema anangoja mpaka karani amtambue. Anasema mara moja, bila kuwajibu wengine kwa hasira. Akimaliza, wote wananyamaza kidogo kabla mwingine hajasema. Kule kunyamaza kidogo ni kitu kikubwa. Maneno ya mtu yanapata nafasi ya kushuka. Katika mikutano yetu mtu hajafunga mdomo, watatu wamekwisha kusimama, na kila mmoja amejiandalia la kusema tangu nyumbani.

Karani akiona kwamba watu wanaelekea mahali pamoja, anaandika pale pale maneno ya uamuzi. Haendi nayo nyumbani. Anayasoma kwa sauti mbele ya wote: "Je, hivi ndivyo tulivyopatana?" Mtu akisema neno hili si sawa, linarekebishwa. Wakikubali, yamekuwa uamuzi.

Na asiyekubali? Hapo ndipo ulipo ufundi. Mmoja anaweza kusema, "Mimi sioni hivyo, lakini siwazuii." Wanaendelea, naye anabaki ndani ya kundi. Lakini kama kizuizi chake ni kikubwa, karani huliweka jambo kando mpaka mkutano mwingine. Wengi hawana haki ya kumkanyaga mmoja kwa sababu tu ni wengi. Marafiki wanaamini kwamba Mungu anaweza kuleta neno lake kwa kinywa cha yule mmoja. Katika kikundi chetu tuna Waislamu, tuna Wakristo, na tuna wazee wenye imani za mababu. Hatuna haja ya kuwa Marafiki ili tuone kwamba yule mmoja pengine anajua kitu. Yule mama alijua habari ya blanketi. Hatukumpa nafasi ya kuisema, nikahesabu mkono wake kama mmoja kati ya 14.

Sisemi kwamba njia hii haina ubaya. Ni ya polepole sana. Jambo dogo linaweza kuchukua miezi. Mtu mkaidi anaweza kukalia kazi ya wote. Na nyumba ikishika moto huwezi kukaa kimya kwanza. Kura ina mahali pake: uchaguzi wa mwenyekiti wa kijiji ni wa kura, na uwe wa kura ya siri. Lakini nyumba ya kulaza wageni inataka kila mtu ashike ufagio. Mtu uliyemshinda kwa kura hatashika ufagio wako. Hata wazee wetu wa zamani, walipokaa chini ya mti, hawakuhesabu mikono. Waliongea mpaka wakapatana. Sijui ni lini tuliona kwamba kuhesabu ndiyo elimu.

Kuna methali: Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Pale Meksiko hata siku ya kwanza hawakungoja. Waliojitolea walipewa zamu zao, na mgeni aliyetumia jiko aliosha sahani yake. Aliyeosha sahani katika nyumba huanza kuiita nyumba yetu.

MASWALI YA KUZUNGUMZA KATIKA KIKUNDI

Someni somo hili mara mbili, mara ya pili asome mwanakisomo ambaye husoma polepole. Kisha mzungumze.

Katika kijiji chenu, mtu mwenye mgonjwa katika hospitali ya mbali analala wapi? Tajeni watu mnaowajua, si habari za kusikia. Je, lipo jengo la umma ambalo limefungwa, na ufunguo ana nani?

Mkumbuke uamuzi mmoja wa kura ambao uliwavunja. Walioshindwa walikuwa akina nani, na walikuwa na kazi gani ambayo sasa hakuna wa kuifanya?

Andikeni masharti matano ya nyumba ya wageni. Yasizidi matano. Yaandikwe kwa herufi kubwa ambazo mtu ataweza kuzisoma usiku kwa mwanga wa kibatari.

HABARI YA MABATI

Mwezi uliopita nilipanda ule mlima nikaenda kwa fundi mwashi. Nilimkuta anapiga tofali. Nikamwambia, "Shikamoo mzee." Akaitikia, akaendelea na kazi. Nilikaa kwenye kinu kilichopinduliwa karibu saa nzima. Sikusema habari ya ghala, wala yeye hakuiuliza. Mwishoni nikamwambia kwamba kura ile niliiharakisha mimi kwa sababu ya giza, na kwamba nataka tukutane tena, na safari hii hatutahesabu mikono.

Akaniuliza, "Na hao 31 umewaambia?"

Nikasema nimewaambia. Baadhi wamekasirika. Wanasema kama uamuzi uliokwisha kuandikwa unaweza kufunguliwa, basi kuandika kuna maana gani. Ni swali zuri, nami sina jibu la kuwaridhisha wote.

Mkutano utakuwa Alhamisi, asubuhi mapema, ili jua lisituharakishe. Kila mtu aje na kigoda chake. Fundi ameleta ujumbe kwamba atakuja, lakini ana sharti moja: daftari lisishikwe na mwalimu, alishike yule mama wa usiku tisa. Nimekubali. Nimempelekea kalamu mbili.